Siti binti Saad: Wimbo Ulipomfuata Mwimbaji



Kabla sijaingia katika maisha ya mtu tuliyemchagua zamu hii, nina jambo la kukiri. Muhula uliopita, hapa Busanza, tulikuwa tukifanya mazoezi ya kaswida kwa ajili ya mahafali ya ndugu zetu waliomaliza masomo. Chumba tulichoazimwa kiko upande ambao ndege zinazoshuka Kanombe hupita karibu sana na paa, kwa hiyo kila baada ya dakika kadhaa hulazimika kunyamaza wote, tukasubiri mngurumo upite, kisha tukaanza upya. Siku hiyo dada mmoja wa mwaka wa kwanza alipewa beti za kuongoza. Kila alipofika mahali wimbo unapopanda, sauti ilimkatikia. Tulirudia mara nne. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kinanda, na mbele ya wote nikasema kwamba labda sauti yake haifai kuongoza, arudi nyuma kwa waitikiaji. Hakujibu kitu. Alichukua daftari lake akaenda kukaa nyuma.

Usiku ule, nikiwa nimelala, ndipo nilipokumbuka. Kaswida ile tuliitoa kwenye rekodi ya mwanamume. Mimi nilikuwa nimeipiga palepale alipoiimbia yeye, na dada yetu akalazimika kuifuata kutoka ghorofa ya juu yake. Kinanda kile kina kitufe cha kuhamisha sauti. Ningeshusha hatua tatu tu, angeimba mpaka mwisho bila tabu. Kasoro haikuwa kooni kwake. Ilikuwa kwangu mimi niliyekaa kwenye ala, nikataka binadamu aifuate mashine.

Kwa sababu hiyo, katika safu hii ya maisha ya waliotutangulia, nimemchagua Bi Siti binti Saad wa Unguja. Wanazuoni wana kauli mbalimbali juu ya ala za muziki, na mwenye swali la hukumu na amwendee sheikh wake. Makala haya ni ya historia, na ndani yake kuna mafunzo ambayo hata asiyesikiliza muziki atayahitaji.

Kuhamisha wimbo ni nini?

Tuanze na jambo tunalolisikia kila siku. Adhana ya alfajiri huadhiniwa na mzee mwenye sauti nzito, na siku mzee akiwa mgonjwa huadhini kijana mwenye sauti nyembamba. Hakuna anayesema kwamba leo tumeadhiniwa adhana nyingine. Tunaitambua kwa sababu kupanda na kushuka kwake ni kulekule. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia tu.

Huko ndiko kuhamisha wimbo. Waarabu wa fani hiyo hukuita taswiri. Wapigaji wetu husema kubadili ufunguo, au kii. Kila sauti ni idadi fulani ya mitetemo kwa sekunde. Sauti ya la ambayo ala nyingi hulinganishwa nayo ina mitetemo 440. Ukiipandisha nusu toni inakuwa kama 466, yaani umeongeza takriban asilimia 6. Ukitaka kuupandisha wimbo mzima nusu toni, unaizidisha kila sauti iliyomo kwa kiasi hichohicho, bila kubagua hata moja. Uhusiano baina ya sauti na sauti unabaki salama, na kwa kuwa wimbo ni uhusiano huo, wimbo nao unabaki salama. Ukipandisha sauti moja ukaiacha nyingine, hapo hujahamisha, umeharibu.

Ala nazo hutofautiana katika kazi hii. Udi na fidla hazina vigawanyo vya kudumu shingoni, kwa hiyo mpigaji anaweza kusogeza vidole, au akakaza na kulegeza nyuzi mpaka zilingane na koo la mwimbaji. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70, tatutatu kwa kila sauti. Kuihamisha ni kazi ya kukaa chini na ufunguo wa kukazia kabla watu hawajaingia. Mpiga nai hubeba mianzi kadhaa ya urefu mbalimbali, na kila ufunguo una mwanzi wake, ila vidole vinabaki vilevile.

Ziko pia ala ambazo kwa asili yake husema jina moja na kutoa sauti nyingine. Tazama bendi za jeshi na polisi kwenye sherehe za taifa hapa Kigali. Mpiga tarumbeta au klarineti, kwa kawaida, akiona do kwenye karatasi yake na kuipiga, sikio husikia si bemoli. Mpiga saksafoni ya alto akipiga do yake, sikio husikia mi bemoli. Hawajakosea. Ala hizo zilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na ili mtu mmoja aweze kuiacha ndogo akashika kubwa bila kujifunza vidole upya, waliona bora karatasi ndiyo ibadilishwe. Mwandishi wa muziki hubeba mzigo wa hesabu ili mpigaji asibebe.

Yaweke hayo akilini, ndugu msomaji. Swali la nani abebe mzigo wa kubadilika, mtu au karatasi, sauti au ala, ndilo lililoyafuata maisha ya Bi Siti tangu Fumba mpaka kaburini.

Binti wa vyungu

Alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Mzee Saadi, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Wote wawili walikuwa wa kizazi cha watumwa, na mtoto wao akaitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa tusi la mtaani. Ndilo jina aliloitwa nyumbani, na lilimweleza kila aliyemsikia mahali pake katika nchi ile ni wapi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Lakini sheria hufutwa kwa siku moja, na macho ya watu huchukua zaidi ya hapo.

Shule hakwenda. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akajifunza kufinyanga, na alipopata nguvu akawa mchuuzi wa vyungu. Alivitwika kichwani akatembea kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini, akinadi njiani. Biashara hiyo ina masharti yake. Mnunuzi yuko ndani, nyuma ya ukuta na pazia, na asipokusikia hutoki. Husemwa kwamba sauti ya binti yule ilikuwa ikitangulia mbali kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na akina mama walijua vyungu vya Fumba vinakuja.

Wakati ule alikuwa akiimba bila ala yoyote. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba yuko juu mno au chini mno. Alianza pale koo lake lilipopenda, na mzigo wa kichwani ukampigia mwendo. Wengi wetu tulianza hivyo, jikoni kwa mama au njiani kuelekea madrasa, kabla hatujakutana na kinanda cha mtu mwingine.

Muziki wa jumba la Sultani

Wakati binti yule akinadi vyungu, mjini kulikuwa na muziki wa namna nyingine kabisa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipenda mambo mazuri ya Misri. Husimuliwa kwamba alimtuma kijana wa Kizanzibari, Mohamed Ibrahim, aende Kairo kujifunza kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Hivyo taarabu ilianza kama muziki wa jumba la Sultani, na baadaye ikawa ya vilabu vya waungwana. Mwaka 1905 kilianzishwa klabu cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo.

Muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu. Waimbaji na wapigaji walikuwa wanaume. Nyimbo ziliwekwa mahali palipofaa makoo ya wanaume, na maneno yalifaa masikio ya wachache waliokielewa Kiarabu cha ushairi. Wengine wote walisimama nje ya dirisha wakafurahia sauti bila kuambulia maana.

Mwaka 1911 binti wa Fumba alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa. Muhsin Ali aliisikia sauti ile na pumzi ile, akajitolea kumfundisha uimbaji na lugha ya Kiarabu.

Hapa tusimame kidogo. Muhsin Ali angeweza kufanya kama nilivyofanya mimi Busanza. Mbele yake alikuwa mwanamke, wa kizazi cha watumwa, asiyejua kusoma, mwenye matamshi ya shamba, na sauti isiyokaa pale nyimbo za klabu zilipokaa. Kila moja kati ya hizo lilikuwa sababu tosha ya kumwambia akakae nyuma na waitikiaji. Yeye aliona kwamba sauti ile ni neema, na neema inatafutiwa mahali.

Bi Siti naye alibeba sehemu yake. Alijifunza matamshi ya Kiarabu mpaka akaweza kuimba nyimbo za Kiarabu mbele ya Waarabu wenyewe. Kwa kuwa hakusoma, kila kitu alikihifadhi kichwani. Wasomaji wetu waliohifadhi juzuu utotoni wanaijua kazi hiyo ilivyo.

Aliungana na wenzake ambao majina yao hayana budi kutajwa pamoja na lake: Subeti bin Ambar, Mbaruku Effandi Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa chini, ng'ambo ya hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Huko walitunga, wakapiga na kuimba. Ala zao za msingi zilikuwa udi na fidla, zile zile tulizosema kwamba mpigaji huweza kuzisogeza mpaka zimfikie mwimbaji. Katika kundi la wanaume na mwanamke, jambo hilo si dogo. Sauti ya mwanamke kwa kawaida iko juu ya ya mwanamume, na wimbo uliowekwa kwa koo moja utalibana koo jingine, ama kwa chini ama kwa juu. Anayeshika udi ndiye mwenye uwezo wa kumpa nafasi mwenzake au kumnyima.

Sifa zake zilipoenea, akapewa jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima. Mtumwa wa Fumba akawa Siti wa mjini. Alialikwa kwenye harusi, majumbani mwa wakubwa wa mji, na mbele ya Sultani mwenyewe.

Kiswahili kinapanda jukwaani

Uhamishaji mkubwa kuliko wote aliofanya Bi Siti ulikuwa wa lugha. Aliichukua taarabu, na ala zake na mwendo wake, akaiimba kwa Kiswahili. Uhusiano wa sauti na sauti ulibaki. Mahali pa kuanzia palihamishwa kutoka ukumbi wa waungwana hadi kwenye vibaraza vya Ng'ambo. Mpishi, mchukuzi, mfuaji nguo na muuza kahawa wakaelewa kinachoimbwa.

Kwetu Rwanda hili si jambo la mbali. Waislamu wa mwanzo wa mji huu, wa Biryogo na Nyamirambo, waliwasiliana kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi neno Mswahili lilitumika hapa kumaanisha Mwislamu. Mara nyingine lilitamkwa kwa dharau, kama kwamba mtu wa lugha ile ni mjanja asiyeaminika. Wapo wazee wetu walioacha kuizungumza mbele ya wageni. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi yetu, na leo jarida hili linasomwa chuoni bila mtu kuona ajabu. Lakini wengi tunakumbuka tulivyokuwa tukishusha sauti tulipotoka Nyamirambo kwenda mitaa mingine.

Bi Siti hakushusha yake. Na aliyoyaimba hayakuwa mapenzi matupu. Aliimba habari za mahakama, za wakubwa wanaowaonea wadogo, za wanaume wanaowadhulumu wanawake. Mashuhuri zaidi ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyefika Unguja, akanajisiwa na kuuawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Muuaji alitorokea bara. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuuliza kwa nini imekuwa hivyo. Wimbo ndio uliouliza kwa niaba yao, na hakimu hakuwa na njia ya kuufungia.

Bombay na santuri

Mwaka 1928 Bi Siti na wenzake walipanda meli kuvuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, wakarekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za biashara. Santuri hizo zilirudi na meli, zikaingia mahotelini na majumbani, pwani na bara. Mtu ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa sasa aliitwa ndani ya nyumba ambazo zamani angeingia kwa mlango wa nyuma, na vyungu kichwani.

Kwa wasomaji wetu wa sayansi, santuri ina somo lake juu ya kuhamisha. Santuri za zamani zilitakiwa kuzunguka takriban mara 78 kwa dakika, na gramafoni nyingi zilitiwa ufunguo kwa mkono. Ufunguo ukianza kuisha, sahani huzunguka polepole. Ikishuka hadi mizunguko 74, sauti zote hushuka pamoja karibu nusu toni, na mwendo nao hupoa. Wimbo bado unatambulika, lakini mwimbaji anasikika mchovu kuliko alivyokuwa. Hiyo ni tofauti ya mashine na mpigaji. Mashine ile ikihamisha, huburuta kila kitu pamoja nayo. Mpigaji mwenye ujuzi huhamisha mahali pa kuanzia, akaacha mwendo na pumzi ya mwimbaji vilivyo.

Kejeli

Aliyepanda hakosi wa kumvuta mguu. Walitokea wapinzani wakamtungia wimbo wa kumkejeli, kwamba amekuwa mtu tangu lini, yeye aliyetoka shamba akitembea peku. Walimsema kwa sura yake pia, maana hakuhesabiwa mzuri kwa macho ya mji ule.

Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kufanya wafanyavyo wengi wanaopanda ngazi, akaificha asili yake, akajipachika nasaba ya mbali. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe. Maana yake kwa ufupi ni kwamba sura si kitu, na kuzaliwa na watu wa juu si kitu, na kasoro iliyo aibu kweli ni kukosa akili. Hakukana kwamba alitoka shamba.

Sisi tunao mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. Sahaba Abdullah bin Zayd (r.a.) ndiye aliyeota maneno ya adhana, lakini Mtume (s.a.w.) alimwagiza amfundishe Bilal (r.a.), kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri na yenye kufika mbali zaidi. Bilal alikuwa ametoka utumwani, na Makka ilikuwa imemtesa juu ya mchanga wa moto. Silinganishi adhana na wimbo wa harusi, Mwenyezi Mungu atuepushe na hilo. Ninachosema ni kwamba Waislamu tulikuwa wa kwanza kupaswa kulijua: sauti aliyoiumba Mola haiulizwi kwanza ukoo wake.

Miaka ya mwisho

Bi Siti aliishi mpaka akaona taarabu ya Kiswahili imekuwa mali ya watu wote. Miezi michache kabla ya kufariki alikutana na Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa lugha yetu, aliyemhoji na kuandika maisha yake katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania. Mwanamke asiyejua kusoma akawa somo shuleni.

Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Baada yake, vikundi vya taarabu vilikua. Ziliongezwa fidla nyingi, akodiani, na baadaye vinanda vya umeme, ala ambazo sauti zake zimefungwa mahali pamoja na hazisogei kama udi. Mpigaji wa ala hizo akitaka kumfuata mwimbaji, lazima ajifunze wimbo mmoja kwa funguo nyingi, au awe na kitufe, na muhimu zaidi, akumbuke kukibonyeza.

Na nyimbo za Bi Siti ziliendelea kuhama. Aliyezibeba kwa namna ya kipekee ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe sana. Sauti ya Bi Siti kwenye santuri iko juu na nyembamba. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya chini kabisa. Aliuimba wimbo wa Kijiti kutoka huko chini alikokaa yeye, na hakuna aliyemwambia kwamba huo si wimbo wa Siti. Ukisikiliza rekodi zao mbili, moja baada ya nyingine, utaelewa kuhamisha wimbo kuliko kwa maelezo yangu yote.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, chuoni kila mmoja wetu ana kinanda chake. Mwenye kuongoza darasa la tajwidi anacho, mkuu wa kamati anacho, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemwelekeza mgeni wa mwaka wa kwanza naye anacho. Tunaanzisha mambo pale panapotufaa sisi, kisha mtu akishindwa kutufikia tunasema sauti yake haifai. Yupo anayeacha kuja kwenye darsa kwa sababu anachekwa matamshi, maana Kinyarwanda ndicho alichokulia. Yupo dada anayenyamaza mikutanoni kwa sababu mikutano imewekwa kwa koo la kaka zake. Wengine hawashindwi. Wamewekewa wimbo mahali pasipo pao.

Wala sisemi kila kitu kihamishwe. Tumeona kwamba uhusiano wa sauti na sauti hauguswi, na ukiguswa wimbo umekufa. Dini yetu ina misingi yake, na elimu ina viwango vyake, na hivyo si mali yetu ya kupunguza. Bi Siti hakupunguziwa matamshi ya Kiarabu. Alifundishwa mpaka akayaweza. Kinachohamishwa ni mahali pa kuanzia, na huo ni mzigo wa mwalimu kabla ya kuwa wa mwanafunzi.

Kuhusu dada yetu wa kaswida: nilimwendea siku ya pili baada ya swala ya Adhuhuri, nikiwa na rafiki yake mmoja, nikamwomba radhi mbele yake, na tulipokutana mazoezini nikaomba tena mbele ya wale niliomsema mbele yao. Nilishusha kinanda hatua tatu. Alianza beti ya kwanza kwa wasiwasi, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. Alipofika pale pa kupanda, alipanda. Ndege ikapita juu ya paa. Safari hii hakunyamaza, na sisi wengine tukajikuta tunamwitikia mpaka mngurumo ukaisha.

Siku ya mahafali yeye ndiye aliyeongoza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Siti binti Saad, amsamehe alipokosea na amlipe kwa kila mnyonge aliyemsemea. Atujaalie na sisi masikio ya kuwasikia walioko nyuma. Amin.

Wabillahi tawfiq.